Simu Zilizokufa Langoni

Madereva wa malori ya mafuta walimwita Zima Kwanza, na kwa jina hilo hakuna aliyemwonea. Alikaa miaka kumi na mmoja nyuma ya dirisha la lango la ghala la mafuta, na neno la kwanza ambalo dereva alilisikia kutoka kwake, kabla ya salamu na habari za safari, lilikuwa hilo hilo. Zima kwanza. Uje umelowa mvua, uje umetoka kuoa jana yake, ungeambiwa uzime kwanza. Simu iliyofika dirishani ikiwaka ilirudi na mwenyewe mpaka kwenye lori, ikazimwe huko, kisha mwenyewe aanze foleni upya.

Ukiieleza, kazi yake ni ndogo. Dereva anasalimisha simu, anapewa kibati chenye namba, na simu inalazwa katika tundu la namba hiyo kwenye kabati la mbao lililosimama nyuma ya kiti chake. Matundu sitini, yamepakwa rangi ya kijivu, kila moja na namba yake nyeupe. Dereva asiye na kibati hapandi jukwaani, na asiyepanda jukwaani hapakii hata lita moja. Akitoka anarudisha kibati, anachukua simu, anaondoka. Mtu angeweza kusema hata sanduku lenye kufuli lingeifanya kazi hiyo, na wapo waliosema, lakini sanduku halina macho makali wala ulimi.

Aliingia pale kama mfagiaji. Akafagia miaka minne, na katika kufagia akasikiliza mafunzo yote yaliyotolewa kwa madereva, akiwa ameegemea ufagio mlangoni, mpaka siku moja afisa usalama alipouliza swali na darasa zima likatazamana, ni yeye aliyejibu. Afisa usalama hakuwa mtu wa kutisha watu kwa hadithi. Alisema wazi kwamba simu kuwasha mvuke wa petroli si jambo la kila siku, pengine utafanya kazi mpaka ustaafu usilione. Lakini simu za kawaida hazikutengenezwa kwa ajili ya mahali penye mvuke, betri ikianguka ikapasuka hakuna ajuaye kitakachofuata, na zaidi ya yote, mtu anayeongea na simu hayupo pale alipo. Mwili uko jukwaani, akili iko kwa aliyempigia. Mfagiaji aliyashika maneno hayo kuliko wote waliopewa cheti siku ile. Miezi miwili baadaye akapewa dirisha.

Na alilishika kwelikweli. Dereva aliyekaribia lango huku amebana simu kati ya sikio na bega, mkono mmoja kwenye usukani, alikuta kizuizi kimeshuka na hakipandi. Zima Kwanza angekunja mikono na kumtazama tu. "Endelea, baba, maliza stori," angemwambia. "Mimi nalipwa kwa mwezi." Hata meneja mwenyewe aliwahi kurudishwa, akiwa na wageni wake, na suti yake, na aibu yake. Alikasirika hadi mchana. Jioni akapita dirishani akasema asante, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji ya kunywa nyumba ya jirani aliyegombana naye.

Mumewe alikuwa fundi simu, naye watu walimwita Fundi, basi. Mtu wa mzaha huyo, mcheshi wa kupindukia, angeweza kumchekesha mteja aliyekuja kulia kioo kimepasuka. Kwa miaka mingi alihangaika na meza ya kukunja, leo chini ya kibaraza hiki, kesho akifukuzwa pale. Mpaka mkewe alipoandika barua kwa meneja, akapiga moyo konde akaipeleka mwenyewe, akaomba Fundi aruhusiwe kujenga kibanda kidogo kwenye ukuta wa nje wa ghala, ng'ambo ya eneo la hatari, mahali malori yanaposubiri. Meneja akakubali. Kibanda kikawalisha, kikamsomesha binti yao, kikatia bati jipya juu ya nyumba.

Tangu msimu wa mvua, kulikuwa na jambo dogo lililomtatiza Zima Kwanza. Baadhi ya madereva waliacha kumwita dada au mama, wakaanza kumwita shemeji. "Shemeji, umeamkaje?" "Shemeji, nipe kibati changu." Tena kwa tabasamu la pembeni, lile la watu wanaojua kitu. Alidhani ni utani wa foleni tu, mume wake yuko pale nje anapiga nao soga kutwa, ni nini cha ajabu? Akawaitikia. Hapo ndipo alipokuwa akipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na hakujua.

Jumanne moja, saa tano asubuhi, dereva waliyemwita Kasuku alipanda jukwaani kupakia. Kasuku alikuwa mtu mwema, na hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza. Pale jukwaani kuna mpini ambao mpakiaji lazima aubane kwa mkono muda wote. Akiuachia tu, mafuta yanakatika. Umewekwa makusudi ili mtu asiondoke wala asifanye jambo jingine. Kasuku alikuwa ameufunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, ili mkono upate nafasi. Mkono huo ulishika simu. Alikuwa akibishana na ndugu wa mkewe kuhusu rangi ya geti la nyumbani, mmoja anataka bluu, mwingine anataka nyeusi, na katika ubishi huo tangi likajaa, likafurika, petroli ikamwagika ubavuni mwa lori ikitiririka hadi sakafuni.

Zima Kwanza aliisikia harufu kabla ya king'ora. Alipoinua macho alimwona Kasuku juu ya tangi amezubaa, mdomo wazi, kisha simu ikamponyoka. Ilianguka kwenye chuma cha jukwaa ikapasuka vipande vitatu. Zima Kwanza alihesabu moja, mbili, tatu, akingoja moto, na moto haukuja. King'ora kikalia, pampu zikazimwa, povu likamwagwa, watu wakakimbilia uwanja wa kukusanyikia nje ya lango. Hakuna aliyeungua. Walisimama pale wakijishika vichwa, na mmoja wa wapakiaji, mtu mzima mwenye wajukuu, alikaa chini vumbini akalia bila kuficha uso.

Saa nane meneja alikuja dirishani. Hakupaza sauti, na hilo lilimtia hofu zaidi.

"Simu ile iliingiaje?"

"Sijui, bosi. Yake ninayo hapa. Tundu la ishirini na saba."

Meneja aliitazama ile simu, akaitazama namba. "Nakupa mpaka Ijumaa. Nisipojua iliingiaje, nitajua iliingia kwa dirisha lako."

Maana yake aliielewa. Unga ulikuwa unakaribia kumwagika.

Madereva wengine walikuja mmoja mmoja kuchukua simu zao, wakaondoka bila mzaha. Kasuku hakuja, afisa usalama alikuwa amemchukua ofisini. Alipopitishwa mbele ya dirisha, Zima Kwanza alimwita. "Kasuku! Ulikuwa na simu mbili?"

Kasuku alitikisa kichwa, machozi yanamlengalenga. "Mimi nina simu moja tu duniani, mama. Na ndiyo ile iliyovunjika."

Zima Kwanza akageukia kabati. Kama Kasuku ana simu moja, na hiyo imevunjika jukwaani, basi iliyolala tundu la ishirini na saba ni ya nani? Aliitoa akabonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena, akahesabu mpaka kumi. Kimya. Akaingiza kucha akafungua kifuniko cha nyuma. Ndani hapakuwa na betri. Palikuwa na vipande vya kadibodi vilivyokunjwa vizuri, ili mkono usishtuke kwa wepesi wake. Na juu ya kadibodi, kipande cha utepe wa karatasi chenye maandishi ya kalamu: Kioo. Yule wa mikate. Alhamisi.

Mwandiko huo hakuhitaji kuambiwa ni wa nani. Ndio uliomwandikia barua za uchumba, kurasa nne nne, zenye vichekesho. Fundi hakuwahi kuandika jina la mteja. Aliandika yule wa mikate, yule mrefu, yule anayekohoa.

Akaketi. Na hapo pote pakafunguka mbele yake, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mlango wa hila ile aliufungua mwenyewe. Zima kwanza! Miaka kumi na mmoja ameamuru simu zizimwe kabla ya kumfikia, na simu iliyozimwa na simu iliyokufa zinafanana kama pacha. Kati ya zote alizopokea, hakuna hata moja aliyoiona ikiwaka. Walimpa mizoga, naye akailaza kwenye matundu kwa heshima zote na kuwapa vibati.

Saa kumi na moja alitoka langoni akazunguka ukuta hadi kibandani, na ganda lile la simu mkononi. Fundi alikuwa ameinama mezani, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, anaunga waya mwembamba.

"Mke wangu! Nasikia leo mmeoga petroli."

Akaliweka ganda mbele yake, tumbo wazi. "Huu ni mwandiko wako?"

Fundi alitoa kioo jichoni. Alilitazama ganda, akamtazama mkewe, akatafuta mzaha asiupate mara moja. "Ni ganda tu. Simu ilishakufa, mwenyewe akaisusa. Ningelitupa."

"Ulimpa Kasuku?"

"Watu wananunua maganda, mama. Wengine wanawapa watoto wachezee. Mimi nitajuaje mtu..."

"Usinichezee shere. Kadibodi umekata wewe. Wangapi?"

"Kumi hivi. Kumi na wawili, labda."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zile."

"Na wakawa wanakuja dirishani kwangu wananiita shemeji."

Fundi alitabasamu. Lilimtoka tu, tabasamu la mtu aliyekumbuka kichekesho kizuri, naye akalimeza haraka, lakini mkewe alikuwa amekwisha kuliona. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo lililomkata maini.

Fundi akasogeza kigoda, akashusha sauti. "Sikiliza. Jambo lenyewe ni jepesi. Mwambie meneja Kasuku alikuwa na simu mbili. Moja akakupa, moja akaificha kwenye soksi. Nani atabisha? Kila mtu siku hizi ana simu mbili. Wewe kazi yako inabaki, mimi kibanda changu kinabaki. Maganda naacha leo leo, haki ya nani."

Na uongo ule, tuseme kweli, ulikuwa mzuri. Ulikaa sawasawa kama kofia iliyopimwa kichwani. Zima Kwanza aliugeuza akilini akaukuta hauna tundu hata moja. Alifikiria ada ya binti. Alifikiria meza ya kukunja na kufukuzwa vibarazani.

"Hao kumi na wawili," alisema mwishowe, "wote wanapakia hapa?"

"Wengi. Wawili watatu wanapakia ghala la upande wa reli."

"Kule nako kuna dirisha?"

"Kuna kijana mmoja, sijui. Na mama mmoja wa zamu ya mchana."

"Basi huyo mama naye ana kabati lenye mizoga, na hajui."

"Hakuna aliyekufa, mke wangu!" Sasa Fundi alipaza sauti. "Mtu gani amekufa? Nionyeshe!"

Mkewe alilichukua ganda akalifunga kwenye leso na kwenda nyumbani peke yake.

Kesho yake hakusubiri Ijumaa wala idhini ya mtu. Dereva wa kwanza alifika dirishani na simu iliyozimwa vizuri, akainyoosha.

"Iwashe," alisema Zima Kwanza.

Dereva alidhani amesikia vibaya. "Niiwashe?"

"Iwashe nione inaishi. Nitakupigia kwa simu ya mezani, iite mkononi mwangu. Kisha uizime mbele ya macho yangu."

Habari ilirudi nyuma ya foleni haraka kuliko upepo. Wa pili simu yake iliita. Wa tatu iliita. Wa nne aliibonyeza mara tatu, akakuna kisogo, akasema betri imeisha. "Pole," alisema Zima Kwanza. "Nenda kaitafute inayojaa." Akaenda, akarudi na nyingine, haangalii usoni. Wa saba hivyo hivyo. Mpaka saa nne watu tisa walikuwa wamerudi malorini, na foleni ilikuwa imefika njia panda, honi zinalia mfululizo, mtu mmoja anatukana kwa zamu na mwenzake ili wasichoke. Karani wa ofisi alikuja mbio kumwambia kazi zinachelewa. Alimwambia na zichelewe. Mkuu wa zamu akaja, akamwambia anaharibu siku ya watu. "Ya jana ilikuwa nzuri?" alimuuliza, na mkuu wa zamu akaondoka. Zima Kwanza alipiga simu moja, akaweka chini, akapiga nyingine, hakuongeza kasi wala kupunguza. Kila aliyesema "shemeji" alirudishwa mwisho wa foleni. Saa tano hakuna tena aliyesema.

Ijumaa aliingia ofisini kwa meneja na leso yake. Afisa usalama alikuwapo, na Kasuku amekaa ukingoni mwa kiti kama anayesubiri sindano. Nje, dirishani, madereva walijifanya kusoma tangazo. Walikuwa wamewekeana dau kwamba hatasema; nani anamtaja mumewe?

"Nina mambo matatu," alisema, akiwa amesimama. "La kwanza, kosa ni langu pia. Niliwafundisha kuzima na sikuwahi kukagua kama simu ilikuwa hai. Nimesharekebisha." Akafungua leso. "La pili, hili ganda ndilo alilonipa Kasuku. Limetengenezwa na mume wangu. Ameuza kumi, labda kumi na mawili. La tatu, mengine yako ghala la upande wa reli, na naomba wapigiwe leo, kabla ya zamu ya mchana."

Meneja aliokota ganda, akasoma ule utepe, akauliza yule wa mikate ni nani, kisha akaona swali lenyewe halina maana.

"Unajua kibanda chake kiko kwenye ukuta wetu."

"Niliomba mimi. Sahihi ni yangu."

"Ungeniambia alikuwa na simu mbili, ningekuamini."

"Najua, bosi. Nilifikiria." Sauti ilimtetemeka hapo, mara ya kwanza, naye akaiacha itetemeke. "Lakini yule mama wa kule zamu yake inaanza saa sita."

Afisa usalama alikuwa ameshanyanyua simu ya mezani.

Uamuzi ulitoka siku hiyo hiyo. Kasuku aliondolewa kwenye usukani miezi sita, akapangiwa kuosha malori, na hakubisha; alimshika Zima Kwanza mkono kwa mikono miwili asiweze kusema neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Zima Kwanza alipewa barua ya onyo, akaisaini. Kibanda kiondolewe kufikia Jumapili. Alasiri simu ikatoka ghala la upande wa reli: kwenye kabati lao walikuwa wamekuta maganda mawili, yana kadibodi ndani.

Fundi alibomoa kibanda mwenyewe, kwa bisibisi, ubao kwa ubao, akikataa kusaidiwa. Jumapili mchana sebule ilikuwa imejaa maboksi ya vioo, waya na skrubu, hata pa kupitisha mguu hapakuwapo. Siku mbili hakumsemesha mkewe. Alizungumza naye kupitia binti yao: mwambie mama yako chumvi imezidi, mwambie mama yako mlango unapiga kelele. Binti, aliyekuwa na mtihani wiki hiyo, alipeleka ujumbe mara mbili tatu, akachoka, akatoka kwenda kusomea kwa jirani.

Wakabaki wawili. Fundi alikuwa sakafuni akitenganisha skrubu kwa ukubwa, bisibisi mkononi, kazi isiyo na haraka yoyote.

"Umefurahi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sijafurahi," alisema mkewe. Alikuwa amesimama kati ya maboksi mawili, hana pa kukaa. "Kibanda kile nilikiomba kwa miguu yangu, na kimeniuma kuliko kilivyokuuma wewe. Kesho tutatafuta pa kuweka meza, tutaanza tena, tulishawahi. Lakini sijutii. Niko hai, na wewe bado una mke wa kumnunia."

Fundi aliendelea na skrubu zake. Ndogo huku, kubwa kule. Kisha mkono ukapunguza kasi, ukasimama.

"Hivi," alisema, "dirisha lako liko mbali gani na lile jukwaa?"

"Hatua arobaini. Nilizipima Jumatano."

Fundi akaweka bisibisi chini.